Usiku kucha tunamtafutia mtoto mchango, jicho na utosi. Tatizo lilikuwa ndani ya soksi

#1 MkaziWaKimara

Wakuu, habari za muda huu. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umembeba mtu wa kilo nne na nusu, kwa hiyo makosa ya herufi mtanivumilia.

Sisi ni wazazi wapya. Mtoto wa kiume, yuko wiki ya tano. Wiki mbili za mwanzo kazi yake ilikuwa kunyonya, kulala na kuchafua nepi, tukaanza kujisifu kwa majirani kwamba tumepata mtoto mpole. Wiki ya tatu akatuumbua. Kila ikikaribia magharibi anaanza. Anakunja ngumi, anavuta magoti tumboni, uso unaiva, anapasua. Ananyamaza saa tatu au saa nne usiku, ghafla, kama redio iliyokatiwa umeme.

Kila aliyeingia pale ndani alikuwa na jina la ugonjwa. Mama mkwe, ambaye ametoka Tanga kuja kumlea mwanawe uzazi, alisema ni mchango, akamfunga mvuje mkononi kwenye kitambaa cheusi. Jirani wa mlango wa pili akasema maziwa ya mama ni mepesi, tumwanzishie ya kopo. Bi mkubwa wangu akapiga simu kutoka Singida: utosi umeshuka huo. Hata dereva wa bodaboda wa hapo kijiweni, sijui aliingiaje kwenye mjadala, akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimetulia, maana mtoto asije akawa amebemendwa. Nikamwambia kaka, sijalala wiki tatu, nguvu za kutotulia nizitoe wapi?

Sasa njooni Jumatano iliyopita. Kilio hakikuanza jioni, kilianza saa nane usiku. Na hakikuwa kilio tulichokizoea. Kile cha jioni kinapanda na kushuka, kina mapumziko, ukimpa titi ananyamaza dakika mbili tatu. Hiki kilikuwa cha juu moja kwa moja, hakina kituo. Titi anaachia. Ukimweka begani analia, ukimlaza analia. Mama mkwe akasoma Ayatul Kursiyu, akampaka mafuta ya nazi tumboni. Tukampa Gripe Water, akaitema. Mdogo wa mke wangu akawa anagugo kwenye simu na kutusomea magonjwa, kila moja baya kuliko lililotangulia. Saa kumi na moja alfajiri mke wangu akasema leteni beseni tumwogeshe, pengine ni joto. Akaanza kumvua. Akavua soksi.

Kidole cha pili cha mguu wa kushoto, kinachofuata gumba, kilikuwa kimevimba kama punje ya maharage iliyolowekwa. Rangi ya zambarau. Kwenye shina lake kulikuwa na mfereji mwembamba unaozunguka. Nikawasha tochi ya simu. Ulikuwa uzi, ule wa naironi unaoachwa ukining'inia kwa ndani soksi ikishafumwa. Ulikuwa umejizungusha mara mbili ukakaza, nyama ikavimba ikaufunika. Mke wangu kashika mkasi wa kucha mkono unamtetemeka, uzi wenyewe hauonekani pa kuushika. Tukachukua bajaji hadi hospitali. Muuguzi akaukata kwa kimkasi chembamba, dakika tano hazikufika. Jioni kidole kilikuwa kimerudi rangi yake, kimebaki na alama kama ya pete.

Watu wazima wanne ndani ya nyumba, masaa matatu tunajadili tumbo, hakuna aliyemvua mtoto soksi.

Kwa hiyo nina mambo mawili. La kwanza ni hilo: geuzeni soksi na glavu za watoto ndani nje, kateni nyuzi zote. La pili ni swali. Kidole kimepona, lakini kilio cha jioni kiko palepale, hakijapungua hata robo saa. Wenye uzoefu karibuni.

#2 Kitumbua Baridi

Uzi kuhusu uzi. Naweka kambi hapa.

#3 Baba Pacha

Pole sana mkuu. Kwangu ilikuwa unywele. Wanangu walikuwa na miezi minne, mama yao nywele zinamdondoka kwelikweli kama inavyowatokea akina mama wengi miezi michache baada ya kujifungua. Unywele mmoja ukaingia kwenye nguo ile ya kulalia iliyofungwa miguuni, ukamzunguka Kulwa kidole gumba. Unywele ni mbaya kuliko uzi, ukilowa unarefuka, ukikauka unajikaza. Toka siku hiyo, nguo za watoto nazigeuza nje kabla ya kufua na kabla ya kuvalisha.

Kilio cha jioni sasa. Mkuu, hesabu siku. Kwangu Doto alilia hadi karibu miezi mitatu, kisha akaacha kama hakuwa yeye. Hatukumpa chochote. Yaani tulimpa kila kitu, ila alipoacha hakuna tulichokuwa tunampa.

#4 Mwana wa Chumbageni

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa huko huko Tanga na nitamtetea mama mkwe wako kidogo. Mvuje haukumdhuru mjukuu, ni kitu kinachonuka tu kimefungwa mkononi, na huyo bibi ndiye anayekesha naye wakati wewe unaandika uzi. Shida ni pale mvuje unapotoka mkononi unaingia mdomoni. Kuna wanaoukoroga kwenye maji wakamnywesha mtoto wa wiki tatu. Hapo sikubaliani na bibi yeyote, hata wangu.

Halafu tusimcheke mtu kwa neno mchango. Ni jina la kitu ambacho watu wamekiona miaka na miaka: mtoto mzima wa afya, analia jioni, anakunja miguu. Bibi hakukosea kukiona. Amekosea dawa tu.

#5 Mie wa Likoni

Huku Mombasa nasi ni hayo hayo, mwenzangu. Mie wangu wa kwanza alinyamazia kwa feni. Lile panga la dari lilikuwa linagonga, tak tak tak, mume akataka kuita fundi, nikamwambia ukilitengeneza lile feni utamlea wewe. Wifi yangu wake ananyamaza mvua ikipiga mabati. Msimu wa kiangazi ikabidi wawe wanaweka redio penye mawimbi tu, pale stesheni haikamati, shhhh. Ila iwe chini na iwe mbali na kichwa chake, si kumwekea spika sikioni.

#6 Sindano Haiumi

Nimestaafu mwaka juzi baada ya miaka mingi kwenye wodi ya watoto, nina wajukuu na nina muda, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Mkuu wa Kimara, umegusa kitu ambacho wazazi wengi hawakioni: uliwahi kutofautisha vilio viwili. Kile cha jioni kina ratiba. Kwa watoto karibu wote, kulia kunaanza kuongezeka mtoto akiwa na wiki mbili hivi, kunafika kileleni kwenye wiki ya sita, na miezi mitatu au minne ikifika kumepungua sana. Na kunapenda jioni. Mwaka 1954 daktari mmoja wa Marekani, Morris Wessel, alipendekeza kipimo ambacho bado tunakikuta vitabuni: mtoto mwenye afya, anayelia zaidi ya masaa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa wiki 3. Huyo wakamwita ana koliki. Lakini msitishwe na neno la hospitali. Koliki ni jina la kilio, kama mchango ulivyo jina la kilio. Daktari akikuambia mtoto ana koliki hajakuambia chanzo, amekuambia tu kwamba amemkagua na hakukuta ugonjwa. Chanzo kimoja hakijapatikana hadi leo. Hata ile hewa tumboni, mara nyingi mtoto ameimeza kwa kulia, halafu tunasema analia kwa sababu ya hewa.

Usiku wa Jumatano ni kitu kingine. Kilio kipya, saa isiyo yake, sauti moja isiyopumzika, titi limekataliwa. Hapo hatuulizi jina, tunavua nguo. Wodini nilikuwa nawaambia wanafunzi: mtoto awe mtupu kabisa, chini ya taa kali, na anza kichwani. Utosi ukiwa umevimba na kukaza huku mtoto hata halii, hiyo ni dharura. Ukiwa umedidimia, na midomo imekauka, na nepi ni kavu, amepungukiwa maji (na dawa yake si kusukuma kaakaa kwa kidole). Angalia macho, ukucha wake mwenyewe unaweza kuwa umekwaruza jicho, nalo linatiririka machozi upande mmoja. Fungua mdomo uone kama kuna utando mweupe usiofutika. Kwapani na shingoni, harara. Kinenani, uvimbe unaojitokeza akilia: hiyo ni ngiri, na ikiwa ngumu na hairudi, usisubiri asubuhi. Korodani. Uume pia, nywele huzunguka na huko. Kisha vidole vyote ishirini, kimoja kimoja, na unavipanua.

Na kuna mambo ambayo hata usipoteze muda kukagua, beba mtoto nenda. Mtoto chini ya miezi mitatu mwenye joto la 38 au zaidi. Anayeshindwa kunyonya kabisa. Anayepumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto chini ya miezi miwili, au kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi. Anayetapika kijani. Damu kwenye choo. Degedege. Na yule anayeacha kulia akalegea, hamtazami mtu. Miaka yangu yote wodini, mtoto aliyekuwa analia hakunitisha kama yule aliyenyamaza vibaya.

#7 MkaziWaKimara

Mama asante sana. Nimemsomea mke wangu yote. Amesimama kwenye "wiki ya sita ndiyo kilele" akaniuliza, kwa hiyo bado kuna kupanda?

#8 Sindano Haiumi

Kidogo. Mwambie ale na alale mchana.

#9 Mchumi wa Kariakoo

Mimi sina elimu ya hayo yote ila mtoto akilia hivyo ana njaa. Wa kwangu tulimpa kopo wiki ya nne, akalala. Tusidanganyane.

#10 Sindano Haiumi

Mwanangu, kulia si kipimo cha njaa. Mtoto mwenye njaa anakuambia kabla: anageuza kichwa, anatafuta kwa mdomo, anakula ngumi. Akifika kulia amechelewa, na mtoto aliyekwisha kupandwa na kilio hata kushika titi vizuri hawezi, ndipo mama anasema "hataki maziwa yangu". Ukitaka kujua kama yanatosha, hesabu nepi zilizolowa. Akishavuka siku tano za kwanza, sita au zaidi kwa siku zinatosha. Halafu tazama uzito kwenye kadi ya kliniki. Nepi ziko sawa na mstari unapanda, basi maziwa yapo, hata kama jioni anapasua paa. Ukimpa kopo, titi linanyonywa kidogo, nalo linatengeneza kidogo, na baada ya wiki mbili maneno ya jirani yanakuwa kweli.

#11 Mchumi wa Kariakoo

Sawa mama. Nepi hatukuhesabu, nakiri.

#12 Mwana wa Chumbageni

Na hiyo Gripe Water mama, tuambie. Kila duka la dawa iko.

#13 Sindano Haiumi

Ilianzia Uingereza, Nottingham, mwaka 1851, kwa mfamasia aitwaye William Woodward. Ndani kulikuwa na mafuta ya mbegu za mmea wa jamii ya bizari, magadi, sukari na pombe, asilimia 3.6. Mnaelewa sasa kwa nini bibi zetu waliisifu kwamba inalaza. Pombe ilikuja kuondolewa huko Uingereza miaka ya 1990. Ya leo ni maji matamu yenye harufu nzuri, na utamu wenyewe humnyamazisha mtoto kwa dakika chache, ndiyo maana mzazi anaona imefanya kazi. Mtoto chini ya miezi sita hahitaji kitu chochote zaidi ya maziwa ya mama, hata maji.

Kinachonitia hofu si hiyo. Ni wanaompa mtoto dawa ya mafua ya kusinzisha ili watu walale. Na wale wanaompeleka kukatwa kimeo, au kung'olewa "meno ya plastiki". Yale si plastiki, ni vijino vyake vya maziwa ambavyo havijatoka, vinachokonolewa kwenye fizi na chuma kisichochemshwa. Mtoto aliyekuwa analia mchango anarudi kwetu na sumu kwenye damu. Nimewapokea. Wengine hawakurudi nyumbani.

#14 Baba Pacha

Dah.

#15 Mie wa Likoni

Na kubeba je, mama? Huku wanasema ukimbeba sana atazoea mikono.

#16 Sindano Haiumi

Mtoto wa wiki tano azoee mikono ipi, ametoka tumboni juzi. Mwaka 1986 kule Montreal, Kanada, Hunziker na Barr waliwaambia baadhi ya akina mama wawabebe watoto wao zaidi, hata wasipolia. Wiki ya sita watoto hao walikuwa wanalia pungufu kwa asilimia 43. Ila baadaye walipojaribu kwa watoto ambao tayari wana koliki, haikuleta tofauti, kwa hiyo usimbebe ukisubiri muujiza. Barr na wenzake walitazama pia Wasani, wale wawindaji wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, ambao mtoto habanduki mwilini kwa mama siku nzima na ananyonya kila mara. Nao watoto wao walilia, na wiki za mwanzo ndizo zilizozidi, mara nyingi tu kama wa Wazungu. Kilichopungua ni urefu wa kilio. Bibi zako waliobeba kwa kanga hawakuwa wajinga.

Kuna nyingine ya Japani, ya 2022, naipenda kwa sababu haina gharama. Mtoto analia: mbebe, tembea naye dakika 5 bila kusimama, mwendo wa kawaida, usimrukishe. Akisinzia, usimlaze. Kaa kitako naye kifuani dakika 5 hadi 8. Ndipo umlaze. Walipima mapigo ya moyo wakaona mtoto anashtuka pale tu anapoanza kubanduliwa mwilini, si pale mgongo unapogusa godoro. Wengi tunamlaza mapema mno.

Na mpunguzieni nguo. Dar hii, Januari hii, mtoto ana fulana, sweta, kofia, soksi, glavu na blanketi mbili. Mguse shingoni kwa nyuma. Pakiwa na jasho, vua. Mkuu wa Kimara, mwanao alikuwa wa kuvaa soksi za nini?

#17 MkaziWaKimara

Bi mkubwa alisema baridi inaingilia miguuni.

#18 Kitumbua Baridi

Baridi ya Kimara 😂

#19 Kitumbua Baridi

Naomba niseme kitu, na msinicheke, mimi huwa natania tu humu. Saa nane na nusu hii niko macho. Wangu ana wiki saba. Mke kajifungua kwa upasuaji, bado kidonda kinamsumbua, kwa hiyo usiku mimi ndiye nashika. Juzi alilia toka saa tatu hadi saa saba. Nikafika mahali nikajikuta nimemshika mabega kwa mikono miwili, nimemwinua mbele ya uso wangu, nataka kumtikisa. Sikumtikisa. Nilimtupia kitandani, siyo kutupa, nilimweka haraka, nikatoka nje nikakaa kwenye ndoo. Yeye analia ndani, mimi nalia nje. Toka hapo naogopa kubaki naye peke yangu. Sijamwambia mtu.

#20 Sindano Haiumi

Mwanangu, ulichofanya ndicho hasa tunachofundisha. Ulimweka chini ukatoka. Mtoto aliyelishwa, aliyekaguliwa, amelazwa chali mahali salama, hafi kwa kulia dakika kumi. Kutikiswa ndiko kunakoua: shingo haijakaza, ubongo unagonga fuvu, mishipa inapasuka damu ndani, wala nje huoni jeraha. Walio wengi waliofanya hivyo walifika hapo ulipofika wewe, masaa manne ya kilio, usingizi hakuna, hakuna wa kupokezana naye.

Kesho asubuhi mwambie mkeo. Na tafuta mtu mmoja, dada, shangazi, jirani, awe anakuja saa mbili hadi saa nne usiku tu, ulale hizo mbili. Kama mama yako yuko hai mwite, hata kama atakuja na mvuje.

#21 Baba Pacha

Mkuu Kitumbua, mimi nilikaa kwenye ngazi. Uko sehemu gani? Njoo inbox, kama ni karibu mke wangu atapita.

#22 Mwana wa Chumbageni

Na mimi niko macho. Andika tu, tupo.

#23 MkaziWaKimara

Mrejesho. Leo ametimiza wiki kumi na moja.

Wiki ya sita na ya saba sitaki kuzisimulia. Tuligawana zamu: mke wangu ananyonyesha saa moja, anaingia chumbani anafunga mlango, mtoto ni wangu hadi saa nne. Namvua abaki na nepi na kifulana. Natembea naye kutoka mlangoni hadi geti la mwenye nyumba, hatua ishirini na sita kwenda, ishirini na sita kurudi. Majirani walianza kunisalimia kwa zamu, "mlinzi, habari za lindo". Mara nyingine alinyamaza, mara nyingine hakunyamaza, lakini niliacha kumtafutia dawa, na mikono yangu ikaacha kukakamaa. Wiki ya tisa nikagundua ni saa mbili na nusu na hajalia, tukatazamana na mama mkwe kama watu waliosikia mwizi.

Mama mkwe amerudi Tanga Jumapili. Mvuje kauacha, tumeutundika dirishani. Kabla hajaondoka nilimkuta uani amekaa na beseni la nguo za mjukuu, anageuza soksi moja moja, ana wembe mkononi.

#24 Mama Mpya wa Tabata

Samahanini kwa kufufua uzi. Ni saa saba usiku. Wangu ni wa kike, wiki ya nne, analia toka saa moja. Nimemvua zote nimekagua kama mlivyosema, vidole ishirini, hamna kitu. Joto 36.8. Nepi saba leo. Nifanye nini tena?

#25 MkaziWaKimara

Dada pole. Anza kutembea. Dakika tano, usisimame.

#26 Mama Mpya wa Tabata

Kasinzia. Naogopa hata kukaa.

#27 Sindano Haiumi

Kaa taratibu. Usimlaze bado.